Ndege wa kutoka Omani wamefika Mida, na kusi bado linavuma. Inawezekana?

Pondo_la_Mida · Jumapili 24 Agosti, saa mbili usiku

Salamu wanajamvi. Nina swali, na nyuma ya swali kuna ubishi na ami yangu, kwa hiyo nijibuni vizuri maana nitamsomea yote.

Kazi yangu ni mtumbwi. Nachukua wageni upande wa Dabaso, kusini ya Malindi, nawapitisha kwenye mikoko ya hori ya Mida mpaka jua lizame. Wageni wengi hawana habari na ndege, wanataka picha ya machweo. Mimi ndiye ninayeshinda na ndege, nimewazoea. Mwaka juzi mgeni mmoja akaniachia darubini yake. Upande wa kushoto umeingia ukungu, natumia jicho la kulia tu, lakini kwangu ni mali.

Leo bamvua, siku za maji kukupwa sana na kujaa sana. Saa tano asubuhi maji yalikuwa yamekupwa hata mtumbwi ukakaa juu ya fungu, nikawa sina la kufanya ila kungoja yarudi. Nikawahesabu wala kaa. Kwa wasiowajua: ndege mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kuliko unavyotarajia kwa ndege wa kwenye tope. Kitabu kinamwita Dromas ardeola. Walikuwa 34. Julai yote nilikuwa nahesabu 11, 12, siku ya wengi 14.

Sasa kati ya hao 34, sita au saba si weupe hasa. Wako kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na jinzi. Na mmoja wao alikuwa hambanduki kwa mweupe mmoja. Mweupe akienda, naye huyo. Amejikunyata, shingo ameivuta ndani, analia filimbi ileile moja bila kupumzika, hata nilikuwa naisikia mimi nilipokaa.

Jioni nikamwambia ami, wala kaa wamefika. Akaniuliza wametoka wapi. Nikamwambia kitabu kinasema wanazaana Omani, na Ghuba, na Bahari ya Shamu, na Somalia. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Ami amevua tangu sijazaliwa, na hoja yake ni hii: majahazi ya Omani yalikuja huku na kaskazi, Desemba hadi Machi, na yakarudi kwao na kusi. Hakuna nahodha aliyeng'oa nanga Maskati mwezi wa Agosti aje Malindi, kusi limpige usoni njia nzima. Sasa ndege wa robo kilo ataweza nini ambacho jahazi lilishindwa? Kwa hivyo anasema hawa hawakwenda popote, walikuwa ndani huko nyuma ya kisiwa cha Kirepwe, na hao wa kijivu ni ndege wengine kabisa.

Basi, ni aina moja au mbili? Na kama wamekuja kweli, wamekujaje? Tumewekeana: atakayeshindwa ananunua kahawa na kaimati wiki nzima.

Boda_Gede · saa mbili na nusu usiku

Nimeona "ndege wa kutoka Omani wamefika" nikajua uwanja wa Malindi umefunguliwa safari mpya, nikawasha pikipiki nikapange foleni. Kumbe ni ndege *wa*, si ndege *za*.

Mwl_Mkandaa · Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri

Pondo, kwanza nikupe heko kwa kuhesabu Julai. Watu huanza kuhesabu siku wanapoona wengi, halafu hawana cha kulinganisha nacho.

Aina ni moja. Mla kaa hana hata ndugu wa karibu, familia nzima kitaalamu ni yeye peke yake. Wa kijivu ni wadogo kwa umri.

Lakini usimcheke ami, amepatia nusu. Ndege wengi wa pwani hawazaliani mwaka wao wa kwanza. Wenzao wakipanda kaskazini Aprili, wao hubaki hapahapa kipupwe chote. Hao 11 na 12 wako wa Julai ndio hao. Kwa hivyo kumwona mla kaa Agosti si ushahidi kwamba amekuja. Na ukijivu peke yake nao si ushahidi, kwa sababu aliyezaliwa mwaka jana anaweza kuwa bado hajasafika vizuri.

Ushahidi wako ni yule mpiga filimbi. Watoto wa vitwitwi na sululu wanajitafutia wenyewe tangu siku ya kutotolewa. Mla kaa ni kinyume: mtoto analishwa na wazazi, na anaendelea kulishwa miezi baada ya kuruka, hata akiwa ameshafika pwani za huku. Kama yule anaomba chakula, ni wa mwaka huu. Na kama ni wa mwaka huu hakutotolewa nyuma ya Kirepwe. Mla kaa hazalii Mida.

Sasa nikuulize kama hakimu. Ulimwona akipewa? Au ulimwona akifuata tu? Ulikuwa umbali gani? Na manyoya ya mbawa yake yalikuwa yamechakaa nchani au mazima? Wa mwaka jana ameyavaa mwaka mzima juani na kwenye chumvi, lazima yaonyeshe. Wa mwaka huu nguo zake bado zina mikunjo ya dukani.

Pondo_la_Mida · Jumatatu, saa saba mchana

Mwalimu, umenikamata. Sikuona akipewa. Umbali mita mia mbili hivi, na jicho ni moja. Mbawa sikuziangalia.

Nimemsomea ami. Aliposikia "amepatia nusu" akaniambia nizime simu, kesi imekwisha.

Mwl_Mkandaa · Jumatatu, saa kumi na mbili jioni

Haijaisha. Kosa lako ni saa. Wewe ni mtu wa maji unajua kuliko mimi, lakini umezoea kuyapigia hesabu ya mtumbwi, hujayapigia hesabu ya ndege. Kwa bamvua yetu maji yanakauka kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Ukienda yakiwa yamekupwa, ndege wametawanyika kwenye tope lote la Mida, kila mmoja na kaa wake, nawe unatazama vidoa. Nenda saa nane. Kaa mahali pamoja. Maji yanapanda karibu mita tatu siku hizo, na kila yanapopanda yanawasukuma ndege kwako bila wewe kupiga kasia. Kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu wanakuwa kwenye ukanda mwembamba mbele ya mikoko, wanakula haraka haraka kabla meza haijaondolewa. Baada ya hapo wanaruka wote kwenda kulala, na umewakosa.

Maji mafu usijisumbue. Tope halifunikwi lote, hawana haja ya kukusogelea.

Na usiwafuate na mtumbwi. Ukimfukuza ndege aliyetoka safari ndefu mara tatu kwa saa moja, umemlia chakula chake. Kama hutaki kungoja kwenye maji, nenda kwenye kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao kule Mida. Ada yake inasaidia karo za sekondari za watoto wanaokaa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hivyo hata usipoona kitu hujapoteza.

Ukishapata hesabu iingize Kenya Bird Map, na wape watu wa A Rocha Kenya hapo Watamu. Wamekuwa wakihesabu na kuvisha pete ndege wa Mida miaka mingi.

BintiSur · Jumanne, saa tatu usiku (saa za huku)

Assalaam alaykum. Nimeletewa uzi huu na binamu yangu wa Unguja, akasema kuna mtu anasingizia ndege wetu.

Mimi niko Sur, Omani. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha jikoni mpaka leo, na babu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi ya hapa, ameingia Lamu, Mombasa na Unguja mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Nimemsomea hoja ya ami. Amesema mfikishie salamu, anaijua bahari, lakini kuna kitu amekiruka.

Kusi si kitu kimoja. Juni na Julai bahari yetu ilikuwa inafungwa. Hata jahazi la kurudi Omani, ambalo kusi linalisukuma kutoka nyuma, lilikuwa halithubutu, maana upepo ule unapasua tanga. Manahodha walirudi mapema, Aprili na Mei, au walingoja mwisho mwisho. Sasa mnapoelekea mwisho wa Agosti huko kwenu mko wapi? Si mnaingia demani? Upepo umeanza kulegea. Babu anasema ndege wa kwanza ni kama nahodha mwenye haraka ya deni, wapo kila mwaka, wengine hungoja. Nami nadhani ukihesabu Novemba utaona hao wengine.

La pili ni langu, si la babu. Jahazi liko juu ya maji, halina pa kwenda ila kwenye upepo uliopo pale. Ndege anapanda akikuta upepo wa juu nafuu, anashuka akikuta wa chini nafuu. Anaweza kufuata pwani ya Somalia, akachoka akatua, akala kaa wawili, akalala, akaendelea kesho. Jahazi likitua pwani ile wakati wa kusi limevunjika.

Sasa niwaambie nilichokiona mwenyewe. Miaka minne iliyopita mume wangu alikuwa na kazi kisiwa cha Masirah, nikaenda naye mwezi wa Juni. Ng'ambo ya Masirah kuna Barr al Hikman, tope na mchanga mpaka macho yanauma, na wakati wa baridi hukusanyika hapo ndege wa pwani kama nusu milioni. Kwenye kisiwa kidogo huko wala kaa wanazaliana. Huoni kiota. Unaona mchanga umetobolewa matundu, kama panya wakubwa wamehamia. Kila tundu ni mlango wa handaki linaloweza kufika mita moja na nusu au zaidi, na mwisho wake kuna yai moja, jeupe pepepe, kubwa kuliko unavyofikiria ukimtazama mama mwenyewe. Ndege wa pwani wengine mayai yao yana madoa ya kufanana na changarawe. Hili halina haja, halionwi na mtu.

Tulisimama mbali, hawakuturuhusu kusogea, na ni haki, maana handaki la mchanga ukilikanyaga umemzika mtoto. Jua lilikuwa la kukaanga. Jamaa tuliyekuwa naye akatueleza kwamba joto la mchanga ndilo linalosaidia kuatamia, mama anaweza kutoka kwenda kula na yai likabaki kwenye joto lake. Ndipo nikaelewa kwa nini wanazaa katikati ya kiangazi cha huku, wakati kila mwenye akili amejifungia ndani na kiyoyozi.

Yule mpiga filimbi wako, Pondo, kama ni wa huku, amezaliwa gizani ndani ya handaki lile, na sasa yuko Mida. Ni zaidi ya kilomita 3,000. Mpe heshima yake.

Mtanga_wa_Hull · Jumatano, saa nne usiku (saa za huku)

Nimesoma nikasisimka. Mimi mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi ya kutunza wazee Hull, Uingereza. Siku zangu za mapumziko napanda basi na miguu mpaka Spurn, ulimi wa mchanga mwembamba unaoingia baharini kwenye mdomo wa mto Humber. Ni hifadhi, na kuna kituo cha kutazama ndege tangu miaka ya 1940. Mwezi huu wa Agosti watu wanasimama pale tangu alfajiri kama wanaongoja daladala, wanahesabu mbayuwayu wanaopita kwenda kusini, mmoja mmoja, wanaandika kwenye daftari.

Jumamosi maji yalipojaa Humber, ndege wakahamia kwenye madimbwi ya Kilnsea, na katikati ya mamia ya wengine nikaonyeshwa watatu: Calidris ferruginea, vitwitwi wenye mdomo uliopinda chini kidogo. Wakubwa hao, tumbo bado lina mabaka mekundu ya matofali, nguo ya harusi inayovuliwa njiani. Nilikuwa nikiwaona Tanga nikiwa mtoto, wakiwa wa kijivu tu, sikujua kama wana rangi nyingine.

Hao wanazaliana Siberia, kaskazini kabisa. Madume huondoka kwanza, hayangoji hata mayai yatotolewe. Majike hufuata. Watoto hubaki peke yao, wanakua, halafu mwishoni mwa Agosti na Septemba wanaanza safari bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kutoka Siberia ile hadi Mida ni zaidi ya kilomita 9,000 hata ukipiga mstari ulionyooka. Kwa hivyo Pondo, ukiona Septemba kitwitwi msafi, kifua cha rangi ya pichi iliyopauka, mgongo una magamba kama samaki, jua huyo kaja mwenyewe. Na pembeni yake kuna mla kaa mkubwa mara nne kwa uzito, bado analishwa.

Hapa kiangazi kinaisha. Jana nimevaa sweta.

Boda_Gede · Alhamisi, saa moja asubuhi

Kwa hiyo tunalipa kahawa au hatulipi?

Pondo_la_Mida · Jumatatu 8 Septemba, saa tatu usiku

Nimerudi. Samahani kimya, nilikuwa nangoja bamvua kama mwalimu alivyosema. Jana usiku mwezi ulipopatwa watu wote hapa walikuwa nje, mimi nikiwa nahesabu saa za maji ya leo.

Nimemwomba ami twende, akasema ana nyavu za kushona. Nikaenda peke yangu. Saa nane kamili nikachomeka pondo kwenye tope mbele ya michu, nikafunga mtumbwi, nikalala chali kidogo ili nisionekane mrefu. Maji yakaanza kuingia. Mwanzo hakuna kitu, sululu wawili tu na yangeyange. Saa nane na nusu vitwitwi wakaanza kushuka mbele yangu kama mtu anamwaga mchele, na Mtanga, nimewaona wa magamba! Watatu ninao uhakika nao. Wako safi kweli, unaona aibu kwa wale wengine waliochakaa.

Kisha wala kaa. Nimehesabu mara mbili, 41. Walikuja kwa miguu, wanarudi nyuma na maji, hatua tatu, kusimama, kudunga. Saa tisa wa karibu alikuwa mita ishirini na tano. Kuna boti ikapita nje na muziki wake, roho ikanitoka, lakini hawakuruka, walijikunja tu wakasubiri.

Wa kijivu nimewapata tisa. Nikachagua mmoja nikaganda naye. Mwalimu, mbawa nimeziangalia: nzima, kila unyoya una ukingo wake, hakuna palipokatika. Alikuwa ameketi kwa magoti, ile miguu mirefu ameikunja chini, yuko kama mtoto aliyesusa. Filimbi haikatiki. Mkubwa mbele yake akadunga, akatoka na kaa mwenye gando moja kubwa. Akamtikisa. Mguu ukaruka, mwingine ukaruka, lile gando likaanguka kwenye maji. Akambamiza mara mbili, akageuka. Yule mdogo akainuka mbio, akanyoosha shingo, na mkubwa akamwachia kaa mzima bila miguu, mdomo kwa mdomo. Akameza. Kimya kikapita, labda sekunde nne. Filimbi ikaanza tena.

Nimerekodi kwa simu kupitia kile kioo kizima cha darubini. Sekunde ishirini na mbili, inatikisika, lakini kaa anaonekana na mdomo unaonekana.

Nimemwonyesha ami baada ya Magharibi. Ameitazama mara tatu. Mara ya kwanza hakusema. Mara ya pili akasema, "Kumbe anamvua gando kwanza." Mara ya tatu akauliza, "Huyu mkubwa hivi na bado analishwa na mamake?" kisha akanitazama mimi, na sahani yangu, na mama aliyekuwa ananiongeza wali. Nyumba nzima ikacheka.

Kuhusu kahawa, amesema mwalimu alihukumu nusu, basi yeye atalipa kahawa na mimi nitalipa kaimati. BintiSur, anamrudishia babu salamu, na anauliza kama alimjua nahodha yeyote aliyekuwa akitia nanga Malindi na tende za mapipa, kuna mmoja alimpa babake saa ya mfukoni.

Keshokutwa maji yanajaa saa kumi na moja na ushei. Ami amesema atakuja, kwa sharti darubini ashike yeye.